Barua kwa kampuni ya mabasi: Skripti zenu za kuhesabu wageni wa tovuti zinawanyima abiria viti

Kwa Meneja wa Huduma kwa Wateja,
Makao Makuu, Kampala.

Bwana/Bibi Meneja,

KUH: UKURASA WA TIKETI KUCHELEWA KUFUNGUKA

Mimi ni wakala wenu wa tiketi hapa Busia, upande wa Uganda. Abiria wangu wengi ni wafanyabiashara wanaopanda basi lenu la usiku kwenda Nairobi, na viti vyao nawakatia kwa simu kupitia tovuti yenu. Tangu mlipoibadilisha tovuti hiyo, kazi imekuwa mateso. Nikipiga simu ofisini naambiwa tatizo ni mtandao wa Busia. Si kweli.

Wiki iliyopita alikuja mama mmoja na mtoto mgongoni, akitaka kiti cha mbele. Ukurasa ulibaki mweupe mpaka akaniuliza kama simu yangu ni mbovu. Ulipofunguka tukachagua kiti, nikajaza jina na namba ya kitambulisho, nikabonyeza Lipa. Kimya. Nikabonyeza tena, kimya. Kitufe kilipoitika, muda wa kushikiliwa kiti ulikuwa umekwisha na kiti kimechukuliwa na mwingine. Mama yule alisafiri usiku kucha kwenye kiti cha nyuma kabisa, mtoto mapajani. Saa ileile, kwa simu ileile na laini ileile, kurasa za magazeti na za benki zilikuwa zinafunguka bila shida.

Mbali na tiketi, natengeneza tovuti za shule na nyumba za wageni hapa na Tororo. Kwa hiyo niliunganisha kompyuta kwenye intaneti ya simu, nikaangalia ndani ya kivinjari ni nini hasa kinachoshushwa. Kabla ramani ya viti haijaonekana, ukurasa wenu unaita skripti saba za kampuni nyingine, yaani vijiprogramu vinavyofanya kazi ndani ya ukurasa: za kuhesabu wageni, za matangazo, ya kisanduku cha mazungumzo ambacho sijaona mtu akijibu, na moja inayorekodi kila mguso wa mtumiaji. Kila moja ina seva yake. Kivinjari hakina budi kutafuta anwani ya seva hiyo, kufungua muunganisho na kukubaliana nayo juu ya usimbaji, yaani namna ya kuficha taarifa zisisomwe njiani, ndipo kipokee chochote. Kwa faiba ya ofisini Kampala hayo ni kufumba na kufumbua. Kwa laini ya simu jioni, mpaka mzima ukiwa mtandaoni, ni kungoja juu ya kungoja.

Tatu kati ya hizo mmeziweka juu kabisa, kwenye kichwa cha ukurasa, bila async wala defer, yale maneno yanayokiambia kivinjari kiendelee na ukurasa wakati skripti inashushwa. Fundi wenu anajua maana yake: kivinjari kinasimama, hakichori kitu mpaka skripti ifike na imalize kazi yake. Seva moja ikisuasua huko iliko, tiketi zote zinasuasua nayo. Zile nyingine haziuzuii ukurasa kuonekana, lakini zikishafika zinaishughulisha prosesa ya simu, na simu ya bei nafuu haiwezi kuzihudumia zote na papo hapo kuitikia kidole cha mtu. Ndiyo sababu Lipa ilikuwa kimya. Kipimo cha Google wenyewe ni kwamba sehemu kuu ya ukurasa ionekane ndani ya sekunde 2.5, na mguso uitikiwe ndani ya milisekunde 200. Ninyi mko mbali sana na hapo.

Lililoniuma zaidi ni hili. Mojawapo ya zile tatu ni ya Universal Analytics, toleo la zamani la Google Analytics, chombo cha Google cha kuhesabu wageni wa tovuti. Toleo hilo la kawaida liliacha kupokea takwimu mpya tarehe 1 Julai 2023, na mwaka uliofuata hata ripoti zake zikafungwa. Haiwahesabii chochote! Lakini abiria anaishusha, anaingoja na anailipia kwa bando lake, bando ambalo tangu Julai 2021 linatozwa ushuru wa asilimia 12.

Afisa wenu mmoja alinijibu kwamba ripoti zenu zinaonyesha wageni wanaridhika. Naomba mfikirie ripoti hizo zinatoka wapi. Mtu aliyechoka na ukurasa mweupe akaufunga kabla skripti ya kuhesabu haijaanza kazi, hamna habari naye. Hakuandikwa popote. Mnasoma habari za waliovumilia tu.

Tena ile skripti ya kurekodi miguso ipo hata kwenye fomu ya jina, simu na kitambulisho. Sikuona mahali abiria anapoulizwa kama anakubali. Sheria ya Uganda ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019 inataka ridhaa, nami sipendi kuwa mkono unaoingiza taarifa za wateja wangu mahali wasipopajua.

Sisemi msihesabu wageni. Kampuni inahitaji kujua watu wanatafuta safari zipi. Ninachoomba ni kwamba ile skripti iliyokufa iondolewe wiki hii, maana ni kufuta mistari michache tu. Chombo kimoja cha kuhesabu kinatosha, nacho kiitwe baada ya ramani ya viti kuonekana. Kinachorekodi miguso kitoke kabisa kwenye fomu na kwenye malipo. Halafu mjaribuni wenyewe mkiwa Busia au Malaba saa moja jioni, kwa simu wanazotumia abiria wenu na bila waifai ya ofisi. Nipo tayari kukaa na fundi wenu na kumwonyesha nilichokiona.

Nasubiri jibu la maandishi kabla ya Desemba. Mwezi huo watu wanarudi makwao kwa Krismasi, foleni inafika barabarani, na kwa hali ilivyo sasa nitalazimika kuwaelekeza kwa mabasi mengine.

Wako mwaminifu,

Wakala wa tiketi,
Busia, Uganda.