Chati ya rangi si nidhamu chanya

Mhariri,

Nimelisoma gazeti lako kimyakimya miaka mingi, na ningeendelea kunyamaza lau si ile taarifa yenu ya nidhamu chanya, yaani kumwongoza mtoto bila viboko wala kumdhalilisha, madarasa ya chini, yenye picha ya chati ukutani: majina ya watoto kijani, njano, nyekundu, na anayekosea jina lake hushushwa. Mwandishi wako ameisifu kana kwamba ndiyo iliyofukuza viboko. Chati ile ni kiboko kilichopakwa rangi.

Nafundisha darasa la pili. Nasi tuliletewa chati kama hiyo, tukaamriwa kuitundika. Mvulana mmoja jina lake lilishushwa hadi nyekundu Jumatatu, kabla hata ya mapumziko. Kufikia Alhamisi alikuwa akiingia darasani analishusha mwenyewe, halafu anakwenda kumpiga jirani yake teke. Adhabu ameshalipia, kwa nini asifanye kosa? Nilipomchunguza nikaona shida yote iko kati ya hesabu na kusoma: anamaliza upesi, anakaa bure. Nikampa kazi ya kugawa vitabu, na darasa zima tukafanya mazoezi ya kubadili somo bila vurugu, tena na tena, jinsi tunavyorudia kujumlisha. Mateke yakaisha. Tabia hufundishwa, Mhariri! Tangu 1970 mtafiti Jacob Kounin alishaonyesha kwamba walimu wenye madarasa matulivu hawawazidi wenzao kwa kukemea. Wanawazidi kwa kuona fujo ikianza na kwa kuvuka kutoka kazi moja hadi nyingine bila kukwama. Na zile nyota na vyeti vya kuwatuza watoto, mlivyovishangilia katika taarifa hiyo? Mwaka 1973 watafiti wa Marekani waliwaahidi vyeti watoto wadogo waliopenda kuchora. Baadaye, vyeti vilipokwisha, walichora kidogo kuliko wenzao ambao hawakuahidiwa kitu.

Halafu hizi semina za nidhamu chanya! Mwezeshaji alitusomea slaidi kutwa akisisitiza kwamba mtoto asidhalilishwe mbele ya wenzake, kisha akamsimamisha mwalimu aliyenong'ona, mama mwenye wajukuu, na kumfokea mbele yetu sote. Posho yenyewe hadi leo tunaisikia tu.

Napendekeza mtundike chati hiyo chumba chenu cha habari, jina lako likiwa la kwanza. Anayechelewesha habari ashushwe hadi nyekundu saa nne asubuhi, wageni wakipita wasome. Jaribuni mwezi mmoja, kisha mtoe taarifa nyingine, na picha iwe kubwa vilevile.

Mwalimu wa darasa la pili