Mashine ya kushika chuma ipimieni papai kwanza

Kwa Mhariri,

Gazeti lenu nimelisoma tangu ujana wangu na sijawahi kuwaandikia hata mstari mmoja. Lakini ile ripoti yenu ya juzi kuhusu virutubisho “vinavyokinga kisukari” imenishinda kunyamazia. Mwandishi wenu alimhoji muuzaji, akamhoji mteja wa huyo muuzaji, akaweka picha ya kopo. Daktari hakupewa hata salamu.

Hapa Nakuru tunawajua hawa watu. Hema jeupe karibu na steji, spika, “uchunguzi wa mwili mzima bure”. Unapewa kijichuma ukishike, kompyuta inalia tii-tii, mara karatasi zinatoka: ini, figo, mifupa, sukari. Damu haijatoka hata tone! Mimi ni mstaafu wa maabara. Sukari hupimwa kwa damu, na ile ya asubuhi kabla ya chai ikifika 7.0 (mmol/L), kisha kipimo cha pili kikakubaliana nayo, basi hicho ni kisukari. Chuma hakijui lolote.

Dada yangu mkubwa aliingia kwenye hema moja akitoka sokoni. Amekuwa akimeza metformin, dawa ya kisukari, miaka mingi na sukari yake ilikuwa imetulia. Kijana aliyevaa koti jeupe akamwambia dawa za hospitali ni kemikali tupu, zitamuua figo, aachane nazo, anunue makopo matatu ya vidonge “vya asili”. Akanunua, kwa pesa alizokuwa ameweka za karo ya mjukuu. Sisi hatukuambiwa kitu. Tulikuja kujua siku tulipomkuta amelegea, mdomo umekauka, anakwenda haja ndogo kila mara, na hospitalini mashine ikasoma 24. Nikipekua mkoba wake kutafuta kadi ya kliniki, nikakutana na zile karatasi za hemani. Ukurasa wa pili, kwa wino mwekundu: tezi dume imevimba. Tezi dume, Mhariri! Mama wa watoto sita! Bila shaka kabla yake alipimwa mzee fulani, na yule kijana hakukumbuka kubadilisha jinsia kwenye kompyuta. Na mtu huyo ndiye aliyemwachisha dawa ya daktari.

Mwandishi wenu angetafuta kidogo tu angepata ya kuandika. Utafiti mkubwa wa Marekani uliotolewa mwaka 2002 ulifuata watu waliokuwa karibu kuingia kwenye kisukari. Waliopunguza uzito kiasi na kufanya mazoezi, kama kutembea kwa kasi, dakika 150 kwa wiki, walipunguza hatari kwa asilimia 58. Waliopewa metformin, asilimia 31. Mwaka 2019 ukatoka mwingine wa vitamini D: waliomeza vitamini hiyo na waliomeza vidonge visivyo na dawa ndani hawakutofautiana katika kupata kisukari kiasi cha kutangaza. Mlonge unaosifiwa kushusha sukari sina ugomvi nao, ni mboga. Mdalasini nao unukie kwenye chai.

Tatizo, hizo dakika 150 tutazitembea wapi? Nakuru ilipewa hadhi ya jiji Desemba 2021, lakini njia ya wapita kwa miguu imejaa pikipiki, viatu vya mitumba na majiko ya mahindi. Juzi boda boda alinipigia honi nikiwa juu ya njia ya miguu, tena akanitukana kwamba natembea kama nimepotea. Mgonjwa wa sukari mwenye ganzi kwenye nyayo atathubutu vipi?

Pendekezo langu ni hili. Kabla hema lolote halijafunguliwa, afisa wa afya aje na papai, kama lile ambalo hayati Rais Magufuli wa Tanzania alisema mwaka 2020 kwamba lilipelekwa maabara kupimwa korona, likatoka nayo. Kijichuma kifungwe kwenye papai kwa utepe, mbele ya umma, na mwandishi wenu awepo na kamera. Papai likitoka na figo dhaifu na dalili za kisukari, hema ling’olewe siku hiyo hiyo. Papai nitanunua mimi, Soko la Wakulima, tena lililoiva.

Mstaafu wa maabara,
Bondeni, Nakuru