Gobole lipimwe kwenye karatasi kabla ya kwenda porini

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua niseme na wawindaji wenye leseni wa mkoa wetu wa Tabora, hasa wa Sikonge, Urambo na Kaliua. Kiangazi kikishika, wengi hutoa gobole, bunduki ya kushindilia baruti na risasi kwa mdomo wa mtutu, ndani, hujaza baruti kwa mazoea, na safari ya porini huanza siku hiyo hiyo. Mnyama aliyepigwa tumboni haanguki hapo. Hukimbilia miomboni akafia mbali, fisi wakala nyama, na kibali kikawa kimetumika bure. Kisha lawama hupewa gobole kwamba halina shabaha, wakati mwenyewe hajawahi kulijaribu kwenye karatasi. Kila mtutu una risasi yake na kipimo chake cha baruti, na mambo hayo hayajulikani kwa kuutazama.

Mwenye gobole lililofuliwa kwa bomba la maji asilijaribu kabisa. Bomba halikutengenezwa kuhimili mlipuko, na likipasuka hupasukia usoni na kwenye vidole. Hilo ni la kusalimisha polisi. Vilevile asitie mtu baruti iliyotolewa kwenye risasi za kisasa, hata chembe. Gobole ni la baruti nyeusi, au ile mbadala iliyoandikwa kwamba ni ya bunduki za kushindilia.

Mahali pa kujaribia pawe na ukingo wa udongo nyuma ya shabaha, kichuguu kikubwa kisicho na mawe kinatosha, na polisi na serikali ya kijiji wawe na taarifa. Weka meza imara na viroba viwili vya mchanga, kimoja mbele chini ya mti wa bunduki, kingine chini ya kitako. Mtutu wenyewe usiguse kiroba. Anza mita 25, kisha 50. Mtutu usio na mifereji ya msokoto ndani usiusumbue zaidi ya hapo.

Mwenye mtutu wa mifereji ajue kwanza msokoto wake, yaani urefu ambao mifereji humaliza mzunguko mmoja. Funga kitambaa kinachobana kwenye ncha ya mdeki, ile fimbo ya kushindilia, ambao mpini wake unazunguka wenyewe, usukume hadi chini, utie alama juu yake, kisha uuvute polepole mpaka alama igeuke robo ya mzunguko. Pima urefu uliotoka, zidisha kwa nne. Ukipata inchi 60 au zaidi, huo ni mtutu wa goroli, yaani risasi ya mviringo. Ukipata karibu na 28, unataka risasi ndefu. Inchi 48 ni katikati, na hapo itabidi ujaribu zote mbili. Risasi ndefu ikipigwa katika msokoto wa taratibu, ule wa inchi nyingi, hupepesuka angani na kutoboa karatasi kiubavu. Ukiona tundu refu kama la ufunguo, acha risasi hiyo, kwa sababu kuongeza au kupunguza baruti hakutaitengeneza.

Goroli iwe ya madini ya risasi laini, ile inayokwaruzika kwa ukucha. Goroli za beringi na vipande vya nondo huharibu mtutu na havipigi mahali pamoja hata siku moja. Risasi ya betri za magari ni ngumu, na kuiyeyusha kunatoa sumu, iache. Mtutu wa milimita 12.7 huchukua goroli ya milimita 12.4 hivi, yenye uzito wa gramu 11.5. Zipime zote kwenye mizani ya sonara. Iliyopungua zaidi ya gramu 0.1 kuliko wenzake ina hewa ndani na itakwenda kombo, irudishe chunguni.

Kitambaa cha kufungia goroli ndicho kinachopuuzwa kuliko vyote, nacho ndicho chenye siri kubwa. Kiwe pamba tupu iliyofumwa kwa kubana, kama kile cha kufunikia magodoro, unene wa karibu milimita 0.4, kifuliwe kwanza kutoa dawa ya kiwandani. Chenye nailoni huyeyuka. Kipake nta iliyoyeyushwa na mafuta ya kondoo yasiyo na chumvi, sehemu moja ya nta kwa tatu za mafuta. Nta nzuri kuliko hii yetu ya Tabora sidhani kama ipo. Joto la Oktoba likizidi, ongeza nta. Oili ya injini haifai, maana ikiungua na baruti nyeusi huacha utando mgumu kama lami.

Kabla ya kujaza, futa mafuta yote mtutuni, kisha piga fataki moja, kile kikopo kidogo cha kuwashia baruti, mdomo wa mtutu ukiwa karibu na jani chini. Jani likitikisika, njia ya moto iko wazi. Mimina baruti kutoka kwenye kipimo, kamwe si moja kwa moja kutoka kwenye pembe au chupa, kwa kuwa kaa dogo lililobaki ndani linaweza kulipua chombo kizima mkononi. Goroli ishuke mpaka ikae juu ya baruti bila mwanya. Mwanya ukibaki, mtutu unaweza kuvimba au kupasuka. Ndiyo maana mdeki uwe na alama mbili: ya mtutu mtupu na ya mtutu uliojazwa. Shindilia kwa nguvu ile ile kila mara.

Anza na kiwango cha chini alichoandika mtengenezaji. Kwa mtutu huo wa milimita 12.7 mara nyingi ni greini 50, yaani kama gramu 3.2, kwa kipimo cha ujazo. Baruti mbadala nayo hupimwa kwa ujazo huo huo. Ukiifuata kwa mizani utazidisha. Piga tano, andika juu ya karatasi baruti, goroli, kitambaa na upepo, kisha panda kwa greini 5 upige tano nyingine kwenye karatasi mpya. Usivuke kiwango cha juu cha mtengenezaji. Badilisha kitu kimoja tu kwa wakati mmoja. Ukibadili baruti na kitambaa pamoja, hutajua kipi kimekupa matokeo. Kati ya risasi na risasi pitisha kitambaa chenye unyevu mara moja, kisha kikavu mara moja. Asiyefuta ataona ya nne na ya tano zikigoma kushuka na kutawanyika.

Baada ya kila tano, bunduki ikiwa tupu, nenda mbele mita 5 hadi 10 ukaokote vitambaa vya goroli. Kilicho salama hurudi mzima, kina duara jeusi katikati na kingo zilizochanikachanika kidogo. Kikitoboka kwa kuungua katikati, ni chembamba mno au mafuta hayatoshi, na moto unapita pembeni ya goroli. Kikiwa na mikato iliyonyooka kufuata mifereji, kingo za mifereji au za mdomo wa mtutu ni kali. Kwenye mtutu mpya jambo hilo hupungua unavyotumika. Ukirekebisha kitambaa, mara nyingi matundu yaliyokuwa yametawanyika hukusanyika bila kugusa baruti.

Matundu nayo yana maana. Yakipangana juu na chini, kipimo cha baruti au ushindiliaji haulingani, au fataki inachelewa kuwasha. Yakipangana kushoto na kulia, tazama upepo, kidole chako kwenye kifyatuo, au kilengeo kilicholegea. Yakienda ovyo pande zote, goroli na kitambaa havikai sawasawa mtutuni.

Usiguse vilengeo mpaka matundu yamekusanyika. Hapo ndipo usogeze kile cha nyuma kuelekea upande unaotaka risasi iende. Cha mbele husogezwa kinyume. Ikiwa vilengeo viwili viko sentimita 75 mbali na risasi inakosea sentimita 10 kwa mita 50, unasogeza milimita 1.5 tu. Watu hugonga kwa nyundo wakapitiliza.

Fataki ikilia bila bunduki kulia, usiishushe. Subiri dakika nzima mtutu ukitazama shabaha, maana baruti yenye unyevu huweza kuwaka kwa kuchelewa.

Risasi ndefu ina hatari yake. Haina kitambaa cha kuibana, hivyo mtutu ukielekezwa chini au ukitikiswa juu ya baiskeli, inaweza kuteleza mbele na kuacha mwanya. Ikague kwa alama ya mdeki kila unaposhuka, fataki ikiwa imeondolewa.

Jambo la mwisho katika majaribio ndilo kubwa kwa mwindaji. Porini risasi inayohesabika ni ya kwanza, kutoka kwenye mtutu baridi uliosafishwa, nayo mara nyingi haipigi pale zinapopiga zinazofuata. Kwa hiyo, kipimo kikishapatikana, piga moja tu kila asubuhi kwa siku tatu kwenye karatasi ile ile. Matundu hayo matatu ndiyo shabaha yako halisi. Goroli hupoteza zaidi ya theluthi ya kasi yake ndani ya mita 100, kwa hiyo matokeo ya mita 50 usiyabebe hadi huko. Ukimaliza, osha mtutu kwa maji ya moto na sabuni siku hiyo hiyo, kausha, paka mafuta. Masizi ya baruti nyeusi hunyonya unyevu na kutu huanza usiku huo.

Ombi langu kwa maofisa wanyamapori wa wilaya ni kwamba mwombaji wa kibali anayewinda kwa gobole aje na karatasi yake ya asubuhi tatu, iliyoshuhudiwa. Matundu yote matatu yawe ndani ya duara la sentimita 15 kwa mita 50. Aliyeshindwa kwa 50 lakini akaweza kwa 30 aandikiwe kwenye kibali kwamba 30 ndiyo mwisho wake.

Msomaji wenu,
Sikonge, Tabora