Barua kwa mwanangu: futa ile status

Baba angu,

Huku tuko wazima, baridi tu ndo imeanza. Sikupigii simu makusudi manake nikikupigia utanijibu "sawa mama, sawa mama" halafu yataishia hapo, na hili sitaki liishie hapo, kwa hiyo naandika na wewe utasoma mpaka mwisho hata kama uko kwenye basi.

Nimeona status yako ya juzi. Picha ya kocha wenu, na chini umeandika tuko na wewe kocha, wanaotafuta kiki na hela watapita. Nilidhani kuna mtu kachukua simu yako. Asubuhi shangazi yako wa Tanga kanitumia skrinshoti yake na makopa matatu, anafurahi mtoto kasimama na mwalimu wake. Mimi sijui huyo kocha kafanya au hajafanya hayo anayotuhumiwa ya kuwaharibu vijana, na wewe hujui, na sikwambii umhukumu, polisi wapo na mahakama ipo. Lakini wewe umeshahukumu baba. Umewahukumu wale vijana wawili waliokwenda kusema, umesema ni waongo wanatafuta hela, na hata majina yao huyajui.

Yaliyotokea chuo cha Penn State mwaka 2011, ulikuwa na miaka sita huwezi kukumbuka, ila mimi nakumbuka vizuri sana kwa sababu hatuko mbali na pale, kutoka hapa Harrisburg mpaka State College, mji wa chuo hicho, ni kama saa moja na nusu kwa gari. Timu yao ya futiboli ya Kimarekani unaijua, umekua unaiona kwenye TV. Ule uwanja wao Beaver Stadium unaingiza watu zaidi ya 106,000, na Uwanja wa Mkapa tunaojivunia nyumbani unaingiza 60,000, sasa fikiria mji wenyewe wa State College wakazi wake ni kama 40,000 tu. Yaani siku ya mechi uwanja unakuwa mkubwa kuliko mji. Na kocha wao Joe Paterno alikuwa pale kama kocha mkuu tangu 1966, miaka 45, wamemjengea sanamu nje ya uwanja akiwa hai. Watu walikuwa wanamwita JoePa, kama babu wa nyumba.

Wakati ule nilikuwa shifti ya usiku kwenye nyumba ya wazee, wewe nakuacha kwa mama mdogo. Kulikuwa na mzee mmoja namhudumia, alisoma Penn State ujanani, ana kofia yake ya buluu yenye simba haivui hata wakati wa kulala, naivua mimi akishasinzia. Tarehe 5 mwezi wa 11 akakamatwa Jerry Sandusky, aliyekuwa msaidizi wa Paterno miaka mingi mpaka alipostaafu 1999, kwa mashtaka ya kuwaharibu watoto wa kiume. Siku nne baadaye, Jumatano usiku, bodi ya chuo ikamfukuza Paterno kwa simu, na rais wa chuo Graham Spanier akaondoka usiku huo huo. Mimi na mzee tunaangalia TV. Wanafunzi wakamwagika barabarani kwa maelfu, wengine wanalia, wengine wanaimba jina la kocha, wakang'oa nguzo za taa, wakalipindua gari la kituo cha televisheni, polisi wakapuliza dawa ya pilipili. Vijana wa umri wako huu huu baba.

Nikawa nasubiri, kwenye kelele zote zile, nisikie hata mmoja anaimba kuhusu wale watoto. Sikusikia.

Mzee naye alilia, lakini sio kwa ajili ya Paterno kama nilivyodhani. Sandusky alikuwa na taasisi yake inaitwa The Second Mile, aliianzisha 1977 kusaidia watoto wa familia zenye shida, wengi hawana baba nyumbani, na huko ndiko alikokuwa anawapata. Anawapeleka mechi, anawapa zawadi, anawaingiza mpaka vyumba vya wachezaji. Yule mzee kumbe alikuwa akichangia ile taasisi kila mwaka. Akanishika mkono akaniuliza, hivi zile tiketi alizokuwa anawapa wale watoto, ndo hela yangu? Sikuwa na jibu. Nilimfunika blanketi tu nikakaa naye mpaka akalala, na kofia usiku ule aliivua mwenyewe.

Sasa nataka nikusimulie kuhusu wamama wawili, manake hawa hakuna aliyewaimba. Wa kwanza ni mwaka 1998. Mwanae karudi nyumbani na nywele mbichi, kasema ameoga na Sandusky huko chuoni. Nywele mbichi tu mwanangu, hakuna kingine alichokuwa nacho mkononi. Asubuhi yake akapeleka habari polisi wa chuo. Wakachunguza, wakajificha nyumbani kwake wasikilize akiongea na yule mtu, na mwisho mwendesha mashtaka akaamua hakuna kesi. Wa pili ni 2008, huyu alikwenda shuleni kwa mwanae, na baadaye kijana akaieleza mahakama kuwa pale shuleni hawakumuamini, waliona yule bwana ni mtu mwema mno. Kati ya mama wa kwanza na siku ya kukamatwa ni miaka 13. Hesabu wewe ni watoto wangapi wanapita kwenye miaka 13.

Na katikati hapo, 2001, kijana msaidizi wa makocha, Mike McQueary, aliona kitu bafuni kwenye jengo la timu, Sandusky na mtoto. Kesho yake akamwambia Paterno. Paterno akawaambia wakubwa wake, mkurugenzi wa michezo Tim Curley na Gary Schultz, makamu wa rais wa chuo, ikafika kwa Spanier, wakaongea wenyewe kwa wenyewe wakaamua Sandusky aambiwe asilete tena watoto pale. Basi. Hakuna aliyepiga simu polisi, na katika watu wazima wote hao hakuna hata mmoja aliyeulizia yule mtoto ni nani na amelala wapi usiku ule. Hilo mpaka leo nikiliwaza kifua kinabana.

Paterno mwenyewe hakushtakiwa, na mwenyewe alisema akiangalia nyuma anatamani angefanya zaidi. Alikufa kwa saratani ya mapafu Januari 2012, miezi miwili na kitu baada ya kufukuzwa. Simsemi vibaya marehemu. Ila mashabiki wake walitaka mtu asiguswe kabisa, na hasira ile ikahitaji mahali pa kutua. Unajua ilitua wapi? Yule kijana ambaye mama yake alikwenda shuleni, ndiye aliyefungua kesi nzima, alisakamwa na wanafunzi wenzake kwamba yeye ndo kamfukuzisha Paterno, mpaka akalazimika kuhama shule. Mtoto kabebeshwa.

Hapo ndo ninapotaka uelewe kuhusu status yako. Wewe unadhani umemwandikia kocha. Kocha ana wakili, ana mke, ana chuo, status yako hata hataiona. Atakayeiona ni kijana mwingine, wa tatu, wa nne, ambaye hajasema kitu na yupo kwenye contact zako, anaangalia kimya kimya nani kaandika nini, anahesabu kichwani, huyu hataniamini, na huyu hataniamini, na wewe alikuwa anakuhesabu rafiki.

Najua hili kwa sababu na mimi nilishahesabiwa.

Sijawahi kukwambia. Mtaani kwetu Ngamiani, Tanga, mimi na miaka 17, kulikuwa na timu ya mtaa na mimi ni shabiki damu, nafua jezi, nabeba maji. Mtoto wa jirani yetu alikuwa na miaka kama 12, anakimbia kama upepo, watu wakisema huyu atafika Coastal Union huyu. Siku moja akaja barazani kwetu ameshika njumu zake, mpya, kocha ndo alimnunulia, akaziweka chini akaniambia dada mpe mtu. Nikamuuliza kwa nini, akasema miguu inauma. Nikacheka, nikamwambia mvivu wewe. Njumu nikampa mdogo wangu. Miaka mingi baadaye, kijana keshakuwa mtu mzima, akamwambia mama yake yule kocha alikuwa akimfanya nini, na habari ikatoka ikaenea mtaa mzima, na mtaa mzima ukamgeukia yeye. Anamchafua mzee wa watu, kocha ndo alitufikisha fainali, mbona hakusema siku zile. Na mimi nilikuwepo barazani baba, nilisema hayo hayo kwa mdomo wangu, mbona hakusema siku zile, wakati siku zile alikuja kwangu na njumu mkononi.

Alihama Tanga. Mama yake alipofariki alikuja, akazika, jioni ile ile akapanda basi. Tulipishana mlangoni nikampa mkono wa pole, akaupokea, hakuniangalia usoni.

Utaniambia mama, mtu hana hatia mpaka ithibitishwe. Kweli kabisa, na hiyo ni kazi ya mahakama na naiheshimu. Sandusky alipewa hiyo haki yote. Kesi ilisikilizwa Bellefonte, karibu kabisa na chuo, na katika wale raia waliokaa kuamua, wengi walikuwa na uhusiano na Penn State, kasoma pale, kafanya kazi pale, ana tiketi za msimu. Watu walisema kwa watu wa aina hiyo ataachiwa tu. Vijana wanane wakasimama mmoja mmoja wakasema, na wale watu wakakaa wakasikiliza, na tarehe 22 Juni 2012 wakamkuta na hatia kwenye makosa 45 kati ya 48. Akapewa miaka 30 mpaka 60, yuko ndani mpaka leo na mpaka leo anasema hana hatia. Ni watu wa mapenzi yale yale na wale waliopindua gari, tofauti yao ni kwamba hawa walikaa kwanza wakasikiliza.

Na sitaki uone nawatukana mashabiki wote. Mwaka ule 2011, Ijumaa ya wiki ile ile Paterno alipofukuzwa, maelfu ya wanafunzi walikusanyika usiku na mishumaa mbele ya jengo lao la Old Main kwa ajili ya wale watoto, na kesho yake kwenye mechi na Nebraska uwanja ukavaa buluu kwa ajili yao, wachezaji wa timu zote mbili wakapiga magoti katikati ya uwanja wakasali pamoja. Kuna wahitimu walichangisha zaidi ya dola 500,000 wakapeleka kwa shirika linalosaidia waathirika, RAINN. Mzee wangu alinifanya nimshikie simu asome namba ya kadi yake, vidole vinatetemeka, kachangia na yeye.

Lakini mwaka uliofuata Penn State walipopigwa faini ya dola milioni 60 na NCAA, wanaosimamia michezo ya vyuo, na sanamu ikaondolewa, na ushindi wote tangu 1998 ukafutwa, ugomvi ukarudi pale pale, idadi ya mechi. Paterno alishinda 409, wakampunguzia 111, na 2015 zikarudishwa watu wakashangilia kama wameokolewa. Hapa Harrisburg mpaka leo nakutana na gari lina stika ya 409. Vijana wa kesi ile walikuwa 10, na stika ya 10 sijaiona hata siku moja.

Kupenda timu sio kosa baba. Najua huyo kocha alikufanyia nini, alikuja hospitali ulipovunjika mkono, alinipigia mimi simu saa nane za usiku kunitoa wasiwasi, sijasahau na nilimshukuru mbele yako. Hayo yote yanaweza kuwa kweli na wale vijana nao wakawa wanasema kweli. Sandusky naye kuna watoto aliwasaidia kweli, ndo maana ikachukua miaka yote hiyo. Kwa hiyo usiseme "mimi namjua". Unajua upande aliokuonyesha wewe.

Naomba uifute leo. Usiandike nyingine ya kumshambulia kocha, sikuombi hivyo, kaa kimya tu. Na wenzako wakianza kwenye group la timu kutafuta hao vijana wawili ni akina nani, hiyo usikae kimya, waambie waache, hata kama ni wewe peke yako.

Halafu kuna jambo jingine limeninyima usingizi. Yule mdogo wa mwaka wa kwanza uliyekuja naye hapa Agosti, akala chapati saba, akanioshea vyombo. Mwezi wa kumi uliniambia kaacha timu ghafla, ukasema kashindwa mazoezi. Ulicheka ulivyokuwa unanisimulia, na mimi nilicheka.

Mpigie. Usimuulize kitu chochote. Mwambie tu mama anapika pilau Jumamosi na amekutaja kwa jina, nitakuja kuwachukua wote wawili na gari.

Mama yako