Falsen mliyemwandika ni nusu mtu

Ndugu Mhariri,

Nalisoma gazeti lako tangu enzi za picha nyeusi na nyeupe na sijawahi kukusumbua kwa barua. Mlipohamisha wilaya yetu mkaipeleka mkoa wa jirani, nilinyamaza. Ila ile makala ya Mei kuhusu Norwe na katiba yake imenishinda kuimeza.

Mmemwita Christian Magnus Falsen "baba wa Katiba". Sina ugomvi, Wanorwe wenyewe humwita hivyo. Mkaendelea kwamba aliiandika, akawa mkuu wa mkoa, akawa jaji mkuu, akafariki mwaka 1830 "akiacha familia". Basi, mkageukia tangazo la mabati.

Aliiandika na nani? Rasimu aliyokwenda nayo kwenye mkutano wa katiba huko Eidsvoll aliitayarisha pamoja na Johan Gunder Adler, ambaye kwenu hayupo kabisa. Katika nyumba ya Carsten Anker, mwenye kiwanda cha chuma, walikutana wajumbe 112, wakabishana tangu Aprili 10 hadi kazi ikakamilika Mei 17, 1814. Falsen aliongoza kamati ya katiba na kundi lililotaka nchi ijitegemee badala ya kuwekwa chini ya Sweden. Hiyo ni sifa yake halali. Lakini hao wengine walikwenda kula tu? Na mbona hamkusema kwamba katiba hiyo mliyoipamba iliwafungia Wayahudi mlango wa nchi, kifungu kikafutwa mwaka 1851?

Sasa hiyo "familia". Baba yake, Enevold de Falsen, alikuwa jaji na mtunzi wa tamthilia, mtu mkubwa serikalini, na mwaka 1808, nchi ikiwa vitani na watu wakiwa na njaa, alijitosa majini mjini Christiania, Oslo ya leo, akafa. Mwaka huohuo mwanawe akawa hakimu wa wilaya ya Follo. Miaka miwili baadaye akamzika mkewe, Anna Birgitte Munch, akabaki na watoto, kisha akamwoa Elisabeth Severine Bøckmann. Kijana wake mmoja alimwita Georg Benjamin, Georg kwa ajili ya George Washington na Benjamin kwa ajili ya Benjamin Franklin, waasisi wa Marekani. Hebu niambie, Mhariri, kuna aya gani katika makala yenu nzima inayomweleza mtu huyu kuliko jina la mtoto wake? Mtu aliyefiwa na baba kwa namna ile, akafiwa na mke, halafu akiwa na miaka 31 anaongoza kamati ya kuunda nchi, ninyi mnamfupisha kwa maneno mawili, "akiacha familia"!

Nayasema haya kwa sababu marehemu mume wangu alipelekwa kusomea kilimo kwenye chuo cha Ås, kusini mwa Oslo, kama wenzake wengi wa hapa Morogoro, nami nikamfuata na watoto. Shamba la Vollebekk, alikoishi Falsen akiwa hakimu, leo ni la utafiti wa chuo hicho. Nimepita pale nikisukuma kigari cha mtoto kwenye tope la theluji inayoyeyuka, mume wangu yuko ndani ya ngano kifuko kimoja cha karatasi mdomoni, anaandika namba za vitalu.

Nilipiga simu kwenu. Kijana aliyepokea alinisikiliza kwa adabu, akaniambia, "Mama, huyo si amekufa zamani? Nani atalalamika?" Nikamjibu kwamba nalalamika mimi. Akaniambia nitume ujumbe mfupi.

Hata sishangai. Mume wangu alipofariki, gazeti moja, silitaji, lilitoa taarifa ya msiba tuliyoilipia kwa inchi. Likaandika vyeo vyake vyote, kamati zake zote, hata klabu yake ya mpira, halafu: "ameacha mjane na watoto." Jina langu lilikuwamo kwenye karatasi tuliyopeleka, la kwanza baada ya lake, nililiandika mwenyewe kwa herufi kubwa. Lilikatwa ili iingie namba ya simu ya mwenye turubai na viti.

Tena mmeficha utamu wenyewe. Baada ya Eidsvoll Falsen alipewa mkoa wa Nordre Bergenhus, na kadiri miaka ilivyokwenda akasogea upande wa Karl Johan, mfalme wa Sweden na Norwe, yule Mfaransa aliyetaka nguvu zaidi dhidi ya Bunge. Mwaka 1822 akawa mwanasheria mkuu, 1825 mkuu wa mkoa Bergen, 1827 jaji mkuu. Waliomshangilia Eidsvoll wakamgeuzia kisogo. Msomaji wa hapa kwetu angeielewa habari hiyo bila kuelezwa mara mbili, labda ndiyo maana ikaachwa.

Pendekezo langu ni hili. Kila mtakapomwita mtu "baba wa" chochote, wekeni kiboksi ukurasa wa nne, pale penye tangazo la dawa ya nguvu za kiume: majina ya wake zake, ya watoto, ya aliyemsaidia kuandika, na mwaka aliogeuka. Nafasi ikiwa finyu, punguzeni dawa.

Mwalimu mstaafu,
Morogoro