Herpesi ni ukoo, Ndugu Mhariri

Ndugu Mhariri,

Nimelisoma gazeti lako tangu enzi lilipokuwa likifika Moshi na basi la jioni, na katika miaka yote hiyo sijakuandikia hata mstari mmoja, hata pale mlipochapisha picha ya Mlima Meru mkaandika chini yake kuwa ni Kilimanjaro. Habari yenu ya Jumapili iliyopita kuhusu "kirusi cha herpesi" ndiyo imenishinda. Mwandishi wenu alieleza kwamba herpesi ni ugonjwa wa zinaa unaoletwa na kirusi kimoja, kisha akaongeza, sijui kwa ushahidi gani, kwamba mkanda wa jeshi ni hatua yake ya mwisho.

Nilifundisha baiolojia sekondari kwa miaka 31. Herpesi ni ukoo, na kama ilivyo kwetu huku mlimani, ukoo mmoja unaweza kuzaa padri na mwizi wa ndizi bila padri kubebeshwa kesi ya nduguye. Virusi vya ukoo huu vinavyojulikana kuishi ndani ya binadamu ni tisa, navyo vimegawanywa katika matawi matatu: alfa, beta na gama. Katika alfa kuna herpesi simpleksi aina ya 1, yenye vidonda vya midomoni, ambayo karibu theluthi mbili ya watu duniani walio chini ya miaka 50 wanayo, wengi wakiwa wameipata utotoni kwa kubusiwa na shangazi zao. Kuna aina ya 2, ambayo ndiyo hasa ya zinaa. Na kuna varisela-zosta, mwenye tetekuwanga. Beta ndiko aliko saitomegalo. Katika gama yumo Epstein-Barr, aliyeonekana kwa mara ya kwanza mwaka 1964 katika chembe za uvimbe uliosafirishwa kutoka Uganda hadi London. Wote hubeba DNA ya nyuzi mbili ndani ya ganda lenye pande 20, na wote wana tabia moja ya kukera: wakishaingia mwilini hawatoki, bali hulala. Wa alfa hulala katika neva. Epstein-Barr hulala katika chembe nyeupe za damu.

Sasa nieleze kwa nini nimekasirika. Mwezi uliopita nilipata malengelenge ubavuni upande wa kushoto, yakiwaka kana kwamba nimemwagiwa uji wa moto. Huo ni mkanda wa jeshi, yaani tetekuwanga niliyougua nikiwa darasa la pili, ikiamka baada ya zaidi ya miaka 60 ya kulala karibu na uti wa mgongo, kwa sababu kinga ya mtu mzee hupungua. Na kwa kuwa hufuata njia ya neva moja, ndiyo maana ulishika upande mmoja tu. Nilipona. Kisha likatoka gazeti lenu. Jumamosi jumuiya ilikutana kwangu, mama mmoja akiwa na ukurasa wenu ndani ya mkoba, na baada ya sala nikaona kikombe changu kimetengwa na vingine, kikaoshwa peke yake kwa maji ya moto, mara mbili, nikiwa nimekaa pale pale nikitazama, mimi mjane wa miaka 69 ambaye tayari nilikuwa nimenong'onwa kuhusu UKIMWI kwa sababu ya mkanda huo huo. Ningekuwa na malengelenge mabichi, ningeelewa wakimwepusha nami mtoto ambaye hajawahi kuugua tetekuwanga, maana majimaji yake huambukiza. Lakini malengelenge yalikwishakauka, na kikombe hakina hatia.

Nisimsahau kijana wa duka la dawa, aliyeniuzia amoksilini bila hata kuniomba nifunue ubavu. Amoksilini huua bakteria. Virusi haivihusu kabisa. Dawa niliyohitaji ni asaiklovia, tena ndani ya siku tatu tangu malengelenge yatokeze, na siku mbili kati ya hizo nilizimaliza nikimeza vidonge vyake. Huenda naye ni msomaji wenu.

Mkwe wangu ni Mmaasai wa Monduli, na wazee wake walikuwa wakitenganisha koo hizi kabla hatujapata hadubini. Nyumbu hubeba herpesi yao, ya tawi la gama, na wao hawaugui. Lakini ng'ombe akichunga mahali ndama wa nyumbu wanapoacha kamasi zao, huugua na kwa kawaida hufa. Ndiyo maana msimu wa nyumbu kuzaa ukifika, wafugaji huondoa mifugo yao. Kirusi chenyewe kilitambuliwa maabara nchini Kenya mwaka 1960.

Kwa hiyo napendekeza mwandishi wenu apelekwe Ndutu mwezi Februari, akae wiki tatu akichunga ng'ombe kati ya ndama wa nyumbu, ili ajifunze kwamba herpesi zina majina. Nauli yake kutoka Arusha nitachangia. Ng'ombe wawe wake mwenyewe.

Mwalimu mstaafu,
Moshi