Taarifa ya mwaka ya mwenyekiti: stika iseme kilichomo kwenye chupa

Ndugu wanachama, habari zenu. Mahesabu atawasomea mweka hazina, mimi naenda moja kwa moja kwenye kilichotunyima usingizi mwaka huu, yaani stika za asali yetu.

Mnakumbuka duka la Dar lilivyoturudishia zile katoni. Nilifungua chupa moja mwenyewe nikachota na kijiko, imeganda mpaka nusu, chengachenga kabisa, na kastama kashasambaza kwenye magrupu kwamba watu wa Sikonge wanauza sukari. Jamani ile asali ilikuwa safi! Asali kuganda ni kawaida, hasa wakati wa baridi, ni glukosi inajitenga, ukiweka chupa kwenye maji ya vuguvugu inarudi yenyewe. Shida stika yetu iliandikwa "asali halisi haigandi". Na stika hiyo niliipitisha mimi, nawaomba radhi.

Halafu kuna mwenzetu alijaza asali ya nyuki wakubwa akabandika "nyuki wadogo", wakati ile ya nyuki wadogo, wale wasiouma, ni nyepesi, ina uchachu na bei yake iko juu kwa sababu wanatoa kidogo sana. Kamati imemsimamisha. Iliniuma maana tumeanza naye, ila nembo ni ya wote na mtu akishadanganywa na chupa moja hawezi kujua ipi ya nani.

Tumefuta pia maneno "inatibu kisukari". Mama mmoja alinipigia simu anauliza mumewe mwenye kisukari anywe vijiko vingapi kwa siku, nikakaa kimya na simu sikioni, maana asali inapandisha sukari na sisi ndo tulimwandikia aamini. Nikamwambia asimpe, aongee na daktari wake.

Stika mpya zimeandikwa asipewe mtoto chini ya mwaka 1, inaweza kuganda, na uzito kwa gramu kutoka kwenye mizani, kwa sababu chupa ya nusu lita inabeba kama gramu 700, sio 500 kama wengi mnavyoandika. Alama ya TBS, yaani Shirika la Viwango Tanzania, asiichapishe mtu yeyote ambaye hajapewa leseni, hata kama maombi yameshapelekwa.

Stika za zamani zote zirudishwe stoo kabla ya mavuno, hata rolo iliyobaki nusu, tutazichoma pamoja.